Jina la Dereva

Ruti alifika kwenye ofisi ya bima akiwa amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa siku ile tu. Tangu alfajiri alikuwa ameshusha maharage, amebishana na wachukuzi, ameuza nusu ya mzigo na nusu nyingine kamwachia jirani yake sokoni amwangalizie. Pikapu ya marehemu mumewe ilikuwa nje, stika ya bima kwenye kioo ikiwa imekwisha muda. Aliyeiendesha hadi pale ni jirani yake, Mzee Uledi. Ruti mwenyewe alikuwa na leseni ya kujifunzia tu, na barabara ya Tunduma, yenye malori yaliyopangana toka mpakani kusubiri kuvuka kwenda Zambia, si mahali pa mtu kujaribia bahati yake.

Gari lile lilikuwa na tabia moja: lilirudi nyumbani kila lilipotaka kutengenezwa. Tairi likipasuka, lilirudi. Breki zikianza kulia, lilirudi. Likishapona, shemeji yake Zabron alilichukua na kwenda nalo Mkwajuni kubeba mizigo ya wachimba dhahabu, na kilichopatikana huko kiliishia huko huko. Ruti akabaki anakodi magari ya watu kuleta mahindi yake sokoni, na gari analo. Safari hii lilikuwa limerudi kwa sababu ya bima. Zabron alilileta jana yake, akaning'iniza ufunguo kwenye msumari wa mlangoni, akasema shemeji ashughulikie, yeye atalipitia huko huko Tunduma kesho mchana.

Mambo yalianza siku ya kumaliza msiba wa Jonasi, mumewe, kule kwa wakwe zake karibu na Mbozi Mission. Wazee wa ukoo walikaa kikao wakasema gari ni la watoto wa marehemu, ila kwa kuwa nyumba ile haina dereva, Zabron ataliendesha. Katika vikao vya namna ile mjane hana maneno mengi. Ruti aliulizwa kama ameridhika. Akajibu, kwa sauti ya chini, kwamba ameridhika, mpaka hapo atakapopatikana dereva nyumbani. Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma. Walidhani anamsema mwanawe Lusubilo, ambaye wakati huo alikuwa darasa la tatu.

Wao walisahau, yeye hakusahau. Mzee Uledi, jirani yake kule nyumbani Mpemba, mtu wa Tabora aliyeendesha malori hadi Kongo kabla magoti hayajamgomea, alikubali kumfundisha kwa gari kuukuu alilokuwa nalo, kwenye uwanja wa mpira. Ruti alitoka sokoni hoi, akapitia uwanjani, akajifunza kuachia klachi. Gari lilimzimikia hata watoto wa mtaani wakachoka kumcheka. Zabron hakuambiwa lolote, wala hakuwa mtu wa kuuliza shemeji yake jioni anashinda wapi.

Sasa alikuwa amekaa mbele ya Naila, wakala wa bima, binti mpole aliyeongea taratibu kama anayemsomea mgonjwa maelekezo ya dawa.

"Bima ni mbili, mama," Naila alisema. "Ndogo inamlipa utakayemgonga, lakini gari lako ukiliharibu ni juu yako. Kubwa inakulipa na wewe mwenyewe."

Ruti akasema anataka kubwa. Nani asiyetaka kubwa? Gari lile lilikuwa ndilo urithi wote wa watoto wake, ukiacha shamba la kahawa ambalo nalo lilikuwa na wenyewe wengi. Naila akamweleza, kwa upole uleule, kwamba mwenye leseni ya kujifunzia kampuni inamwogopa, na kwa bima kubwa inamtoza zaidi. Kama yupo ndugu mwenye leseni kamili aliyezoea kuliendesha, ataandikwa huyo, na bei itashuka.

Ndugu alikuwepo. Fedha aliyoifunga Ruti kwenye pindo la kitenge ingetosha bima kubwa kwa jina la Zabron, au bima ndogo kwa jina lake yeye. Alirudia kuuliza, akazunguka huku na huku na maswali, akajibiwa yaleyale. Gari liwe salama mikononi mwa Zabron, au liwe lake na likipata ajali apate hasara yake peke yake.

"Kwa hiyo dereva wa kawaida wa gari hili ni nani?" Naila aliuliza, kalamu mkononi.

Ruti alishika pindo la kitenge lenye fedha. Mzee Uledi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango akinyoosha magoti, akaona amsaidie. Alisema amwandike Zabron, yaishe. Karatasi ni karatasi tu, na Ruti akishafaulu mtihani wa udereva atakuja kubadilisha. Alisema kwa nia njema, na hilo ndilo lililomuuma Ruti zaidi, kwa sababu alitamani sana kumsikiliza. Angelala usingizi, gari likiungua angelipwa, na hakuna mtu katika ukoo ambaye angemnyooshea kidole. Mwili wake wote ulikuwa unamwambia akubali akapumzike.

"Mzee," alisema, "mara ya kwanza walilitoa wao, mimi niliulizwa tu. Nikimwandika leo, nitakuwa nimelitoa mimi."

Ruti akamgeukia binti.

"Andika Ruti. Bima ndogo."

Naila aliandika, huku akimkumbusha kwamba lazima mwenye leseni kamili akae pembeni yake kila anapoendesha, na vibao vya L viwepo mbele na nyuma. Akampa stika mpya. Ruti alitoka nje akaibandika mwenyewe.

Alipogeuka, Uledi alikuwa ameshafunga vibao kwa kamba na amekaa kiti cha abiria. "Jina umeandikisha lako," alisema. "Basi usukani huo hapo."

Hilo Ruti hakulitegemea. Alipanda, akawasha, akaingiza gia. Uwanja wa mpira haukuwa na malori, wala mitaro, wala watu wenye mikokoteni wanaokatiza bila kutazama. Alijikongoja hadi kwenye kona, akamkwepa wa mkokoteni, na badala ya breki mguu ukakandamiza mafuta. Pikapu ikaingia kwenye nguzo ya zege ya duka la vifaa vya ujenzi, taa moja ikapasuka, na bampa likakunjika.

Watu wakajaa kama kawaida ya Tunduma. Na ng'ambo ya barabara, kutoka kwenye banda la chai, akaja Zabron, kikombe bado mkononi. Alikuwa amekuja kulipitia gari lake. Alitazama nguzo, akatazama kibao cha L, kisha akamtazama shemeji yake nyuma ya usukani.

"Bima umekata ipi?" aliuliza.

"Ndogo. Kwa jina langu."

"Kwa hiyo hii hakuna wa kulipa."

"Nitalipa mimi. Kwani zile nyingine alikuwa analipa nani?"

Zabron akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyezoea. Akafungua mlango wa dereva, akamwambia kwa sauti ya upole ashuke amtolee gari pale, watu wanamwangalia. Dereva mmoja wa lori, Mzambia, akaunga mkono kutoka dirishani kwake: "Bamayo, mama yangu, mpishe huyo akusaidie." Ruti alihisi machozi yakimpanda. Na ni kweli kwamba Zabron angelitoa gari lile mara moja tu, bila kelele.

"Hapana, shemeji," alisema. "Nimeliingiza mwenyewe, nitalitoa mwenyewe."

Akavuta mlango, akaufunga. Gari likazima. Akaliwasha, likazima tena, na mtu mmoja kwenye kundi akacheka. Mara iliyofuata likarudi nyuma likikwaruza zege kwa mlio wa kutia ganzi meno, na kipande cha bampa kikabaki chini. Zabron alikiokota, akasimama amekishika, hajui akipeleke wapi.

Ruti alichungulia dirishani. Hakuwa na furaha yoyote. Alimhurumia kidogo, akajihurumia na yeye.

"Nakwenda Mpemba," alisema. "Utapata pale gari la Vwawa la kukurudisha kwenu. Ila huku mbele ni watu wawili tu, na mzee lazima akae na mimi."

Zabron alitazama barabara, akatazama wale watu. Kisha akaweka bampa kwenye bodi, akakanyaga tairi, akapanda huko nyuma, akakaa juu ya magunia matupu. Ruti alimwona kwenye kioo, amejishikiza ukingoni kwa mikono miwili kama abiria mwingine yeyote.

"Umekaa vizuri, shemeji?"

"Nimekaa," Zabron alijibu. "Twende polepole."