Sauti ya Nkinda

Baada ya Nkinda kufariki, mumewe Masalu alizoea kufunga zizi mapema, akajitenga na watu na kupiga namba fulani ya simu. Huko alimsikia mkewe akieleza kwa Kisukuma namna ya kumtunza ndama anayeharisha. Majirani wa pale Sapiwi walidhani mzee ana ng'ombe wagonjwa.

Huduma hiyo ya ushauri wa simu kwa wafugaji ilitengenezwa na mtoto wao, Mayige, alipoajiriwa na kampuni moja mjini Bariadi. Programu aliiandika mwenyewe, na alipokosa mtu wa kurekodi maelezo, akamleta mama yake. Wafugaji waliipenda. Baadaye kampuni ikaiuza kwa matajiri wa mbali, nao wakaona haina faida, wakaizima.

Masalu akafunga safari kwenda kwa mwanawe.

"Namba ya mama yako haipatikani," alisema. "Iwashe."

"Siwezi, baba. Si yangu."

"Si uliitengeneza wewe?"

"Niliitengeneza nikiwa kazini kwao. Mkataba unasema ni mali yao."

"Na sauti?"

"Nayo ni yao," Mayige alisema. Alikuwa ameshamwendea meneja wake wa zamani, Stephania, kuomba walau nakala ya sauti. Stephania alimhurumia, lakini vyote vilishauzwa pamoja. Mayige aliwaandikia wanunuzi, hawakujibu. Akakumbuka siku ya kurekodi: mama alipewa soda na khanga, akaweka dole gumba kwenye karatasi huku akicheka. Karatasi ile hakuna aliyemsomea, hata yeye Mayige.

"Mimi nilitoa ng'ombe kwa ajili ya Nkinda," Masalu alisema. "Ng'ombe wazuri. Lakini kwao waliendelea kumwita mtoto wao, nami sikuwahi kusema nimemnunua. Hawa wametoa nini hata wamfungie ndani?"

"Maneno yake nayakumbuka, baba," Mayige alisema. Akaanza kuyasema kwa Kisukuma, polepole, kama mama alivyoyasema: mtenge ndama, mpe maji safi, usimwache juani.

Mzee alisikiliza kidogo, kisha akainua mkono. "Basi, ng'wanone, mwanangu. Inatosha." Akachukua fimbo yake, akaondoka bila kugusa chakula.

Mwezi uliofuata Mayige alipata kazi kwenye kampuni nyingine. Mkataba ulikuwa na kifungu kile kile. Alikisoma, akakirudia, akawafikiria wanawe waliokuwa shuleni. Akasaini.