Bibi Ameshajibu

Natangaza rasmi kwamba bibi yangu ana adabu kuliko bweni letu zima, na adabu hiyo nusura imuue.

Kila asubuhi hospitali inamtumia ujumbe kwenye simu: "Habari za asubuhi. Jana jioni ulimeza dawa ya presha? Jibu 1 kwa ndiyo, 2 kwa hapana." Bibi anavaa miwani, anakaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti, anajibu 1.

Nilipofunga shule nikakabidhiwa kazi ya kumsindikiza kliniki. Nesi akamfunga mkanda wa kupimia, akapima, akakunja uso. Akapima tena.

"Bibi, presha iko juu sana. Dawa unameza?"

"Si huwa nawajibu?"

Nesi akatazama kompyuta. "Kweli, hujakosa hata siku moja. Basi dawa hii imeshindwa. Daktari itabidi aongeze dozi."

Bibi alikuwa anatoka jasho. Nikaingiza mkono kwenye mkoba wake kutafuta leso. Leso sikuipata. Nilipata pakiti za dawa zilizofungwa kwa raba, hakuna hata kidonge kimoja kilichotolewa.

"Bibi, hizi nini?"

"Dawa."

"Mbona nzima?"

"Nikimeza jioni, usiku kucha njia yangu ni ya chooni."

"Sasa kwa nini unajibu umemeza?"

Akanitazama kama anayejiuliza shule ya bweni inatufundisha nini. "Mjukuu wangu, mtu akuamkie alfajiri, akujulie hali, halafu wewe umjibu hapana? Ndivyo tulivyokulea?"

Nesi akashika kichwa. "Bibi! Tungekuongezea dozi, halafu siku moja ukaamua kumeza kweli, ungeanguka palepale!"

"Usinifokee. Mwenzako anayeniandikia hajawahi kunifokea."

"Ni mashine, bibi!" nikasema.

"Usiwaite watu mashine."

Nikapumua kama mwalimu wa zamu. Kubishana na bibi ni kusukuma ukuta, na ukuta angalau haukuulizi umekula nini. Lakini wazo likanijia. Nikamuuliza nesi, "Dada, maneno ya ujumbe yanabadilishika?"

"Yanabadilishika."

Nikamnong'oneza. Akacheka mpaka mgonjwa aliyekuwa nje akachungulia. Kisha akaenda kwa daktari, akarudi na jibu: dozi ibaki ileile, dawa imezwe asubuhi. Akakaa kwenye kompyuta, akaandika. "Ila sisemi uongo kwa mgonjwa," akaniambia. "Hiki nilichoandika, itabidi nikitimize."

Asubuhi simu ikalia. Bibi akasoma kwa sauti: "Habari za asubuhi, bibi. Ni mimi nesi. Sinywi chai mpaka umeze dawa."

"Yarabi! Mtoto wa watu atazimia kazini!"

Kidonge kikashuka kabla sijamletea maji. Nilikiona kwa macho yangu. Akajibu 1, akaiweka simu mezani, akaikodolea macho. Chai yake ikaanza kupoa.

"Bibi, kunywa."

"Nitakunywaje, naye hajasema kama ameshakunywa?"

Nikampigia nesi, nikamsihi. Baadaye kidogo simu ikalia: "Nimekunywa, bibi. Asante."

Bibi akashusha pumzi, akainua kikombe. Nami nikajinyoosha kwenye kiti, nimeshinda, nangojea pongezi.

Kikombe kikasimama karibu na mdomo wake.

"Muulize," akasema, "amekunywa na mkate, au kavu?"