Ng'ombe wa Darasa la Pili

Jumatatu, baada ya sala na wimbo wa asubuhi, Mwalimu Lydia Mazengo alipanga makopo manne juu ya meza ya darasa la pili. La kwanza lilikuwa na udongo mwekundu aliouchota mwenyewe nyuma ya kanisa, la pili majivu, la tatu mkaa uliosagwa ukalainika kama wanja, na la nne maji ya mlenda, yale yanayovutika, ya kushikisha rangi isipukutike. Shule hiyo ya kanisa, pale Mkonze, haikuwa na rangi za dukani. Brashi zilikuwa vijiti vya mswaki vilivyotafunwa ncha. Watoto walikuwa sitini na watatu, na ukuta wa nyuma ulikuwa umetoka kupakwa chokaa.

"Chora ulichokiona," aliwaambia, kama alivyowaambia kila wiki. "Usichore ulichoambiwa."

Erica, mtoto wa miaka minane mwenye mkono wa taratibu, alichora ng'ombe wa babu yake: mwekundu, tumbo jeupe, pembe ya kushoto imelala. Alianza na miguu, maana babu alimfundisha kwamba ng'ombe hutazamwa kutoka chini kwenda juu. Alhamisi, alipomaliza sikio, ng'ombe yule alijitikisa, akashuka ukutani, akasimama katikati ya madawati. Watoto walisogeza mabegi. Mwalimu Lydia alimzunguka mara moja, kisha akampa Erica kumi na nane kwa ishirini, kwa sababu mkia haukuwa na shungi na mnyama alishindwa kufukuza nzi. Erica alichovya kijiti, akapiga magoti, akaongeza shungi. Nzi wakaondoka.

Na wenzake wakamaliza wa kwao. Kufikia Ijumaa ya wiki iliyofuata ng'ombe walikuwa arobaini na mmoja, na hakuna wawili waliofanana. Asubuhi walitulia ukutani hadi masomo yaishe. Kengele ya saa tisa ilipolia, walitoka mlangoni mmoja mmoja, wakavuka barabara, wakaenda kwenye viwanja vipya vilivyopimwa kujengwa nyumba. Kila mmoja alisimama palipokuwa zizi la kwao kabla mji haujapanuka, katikati ya mawe ya mipaka, akacheua. Wazazi walikwenda kuwatazama Jumapili, wametoka ibadani na nguo zao nzuri, na kila mzazi aliwaonyesha wenzake yupi ni kazi ya mwanawe.

Mzee Sostenes, babu yake Erica, alikwenda na kibuyu. Nyumba yake ya tembe ilikuwa imevunjwa miaka miwili nyuma kupisha viwanja hivyo, na karatasi ya wapimaji aliyopewa ilisema mahali pale palikuwa pori tupu, hapana mtu wala mfugo. Tangu hapo alikaa kwa binti yake, chumba kimoja, godoro nyuma ya kabati. Kiwanja hakukidai tena. Alichotaka ni karatasi ile iandikwe upya, iseme kwamba alikuwapo. Alimwita ng'ombe kwa jina lake, Nyemo, naye akageuka. Akamkamua. Maziwa yalikuwa mazito. Ila chai ya maziwa hayo ilinukia kidogo mvua ya kwanza.

Mpimaji wa viwanja, Bwana Wambura, alikuja na kanda yake ya kupimia akawapima ng'ombe wote, urefu na kimo. Halafu akaingia ofisini kwa mkuu wa shule, Mwalimu Gerson, akaeleza kuwa wajenzi wanazuiwa na kwamba kipindi cha sanaa kisimame. Mwalimu Gerson mwenyewe, mwanzo wa muhula, alitaka kipindi hicho kipewe hisabati.

"Umeiona ile pembe iliyolala?" aliuliza sasa. "Mtoto hawezi kuibahatisha pembe kama ile. Ameiona. Kipindi hakisimami."

Mzee Sostenes alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Bwana Wambura alipotoka alimwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Umewapima?"

"Nimewapima, mzee."

"Basi andika palikuwa na zizi."

Bwana Wambura alikuwa mtu wa adabu. Alikaa naye kwenye benchi, akaandika polepole, akamsomea: mapambo ya ukutani, arobaini na moja. Mapambo si mifugo, alieleza, kwa hiyo pori tupu halibadiliki.

Wiki iliyofuata Erica alianza kuchora zizi. Lilimchukua wiki tatu, mwiba kwa mwiba, na watoto wawili waliochungulia karibu mno walichomwa vidole. Lilipokamilika halikushuka. Mwalimu Lydia aliwaeleza watoto kwamba ardhi haina miguu. Siku hiyo kengele ilipolia ng'ombe hawakutoka mlangoni; waligeuka, wakaingia zizini wote arobaini na mmoja, wakatosha.

Kule viwanjani nyumba zilipanda, zikafika kwenye madirisha, zikaezekwa. Mzee Sostenes huja shuleni kila jioni na fimbo yake, anaingia ukutani, anafunga lango kwa tawi la miiba, anatoka akipangusa chokaa mabegani.

Mwisho wa muhula Mwalimu Lydia alijaza ripoti. Ya Erica, sanaa: ishirini kwa ishirini. Maoni: anachora alichokiona. Mzee Sostenes alimwomba binti yake amsomee ripoti hiyo mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti pamoja na karatasi ile ya pori tupu. Zote mbili zina mhuri.