Msumari wa Bwana Yoyo

Fundi alilitambua koti kabla hajamtambua mwenyewe. Mafundi cherehani ndivyo walivyo: uso wa mtu unaweza kuwapita, lakini kola wataikumbuka miaka na miaka. Mzee aliingia dukani Jumanne asubuhi, mfuko wa plastiki kwapani, akatoa koti la njano lenye vifungo sita vya shaba, akalilaza taratibu juu ya meza ya kukatia. Fundi akaacha kukanyaga cherehani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka unibanie koti na suruali yake. Kidogo tu. Mimi sijabadilika, ila nguo zimelegea."

Kule pembeni alikaa dada yake Fundi, akishona matundu ya vifungo huku masikio yakiwa kazini zaidi ya mikono. "Nguo za siku hizi hazina adabu," alisema. "Zinalegea zenyewe kabatini."

Mzee akacheka naye, maana hakuwa mtu wa kununa. Akaeleza kwamba mwalimu mkuu wa shule ya jirani amemwalika Ijumaa, siku ya kufunga muhula, aje awachezee watoto yoyo, kile kigurudumu kinachoshuka na kupanda kwa uzi. Zamani ndiyo ilikuwa kazi yake. Kampuni iliyokuwa ikitengeneza yoyo ilimpa gari, koti na sanduku, akazunguka shule moja hadi nyingine kwa miaka kumi na moja, mpaka kampuni ikafunga milango. Tangu hapo hakuwahi kusimama tena mbele ya watoto.

"Sijui kama bado wanapenda vitu hivi," alisema. "Lakini nimeitwa. Miaka yote hii hakuna aliyeniita."

Fundi alitaka kumwambia kwamba anamjua. Angeanzia wapi?

Fundi alizaliwa kitindamimba katika nyumba ya wasichana wanne, na katika nyumba hiyo nguo ilikuwa na safari ndefu. Ilianza kwa mkubwa, ikapita kwa wa pili, ikatua kwa huyu dada wa matundu ya vifungo, ambaye alikuwa haachi nguo mpaka ichanike, na ikimfikia yeye ilikuwa imepauka kwapani na pindo limeshushwa na kupandishwa mara tatu. Viatu vilevile, na karatasi ndani. Siku mzee huyu, Bwana Yoyo kama walivyomwita, alipokuja shuleni kwao, yeye alikuwa na miaka kumi, na gauni lake la sare lilishikiliwa kiunoni na pini tatu.

Wanafunzi walijipanga uwanjani. Yule bwana, kijana wakati huo, akapanda juu ya meza ya mwalimu na koti lake la njano, akaitupa yoyo chini. Haikurudi. Ilibaki inazunguka mwishoni mwa uzi, karibu kabisa na ubao wa meza, imetulia tuli.

"Imelala," alinong'ona. "Msiiamshe. Tuhesabu."

Shule nzima ikahesabu kwa kunong'ona, hata mwalimu wa hesabu, ambaye kwa kawaida alikuwa anahesabu viboko tu. Walifika kumi na nne ndipo akatikisa kidole, yoyo ikapanda na kurudi kiganjani mwake.

Kisha akaomba mtoto mmoja aje mbele. Wenzake walimsukuma yeye, kwa kumfanyia maskhara, na alipofika mbele pini moja ikafyatuka, gauni likaporomoka hadi vifundoni, uwanja ukaangua kicheko. Mpaka leo akikumbuka uso unamchoma. Bwana Yoyo hakucheka. Alishuka mezani, akapiga goti, akaweka yoyo mpya katikati ya vile viatu vyenye karatasi, akauvuta uzi wake kwenda juu mpaka kitovuni kwa yule mtoto, akaukata hapohapo kwa mkasi mdogo.

"Kila mtu na kitovu chake!" akatangaza, na kicheko kikawa cha wote. Halafu akamwambia yeye peke yake, kwa sauti ya chini, "Uzi wa mwenzako utakusumbua tu. Huu ni wako."

Hicho ndicho kilikuwa kitu cha kwanza maishani mwake kilichokatwa kwa kipimo chake mwenyewe. Hakuna dada aliyekitumia kabla yake. Alilala nacho mkononi wiki nzima. Baadaye alipojifunza ushonaji na watu wakamuuliza kwa nini, alisema anapenda vitambaa, kwa sababu kusimulia mambo ya kitovu kungechukua siku nzima.

Basi sasa akachukua tepu, akaanza kumpima mzee. Mikono ya koti ilizidi inchi mbili. Suruali ilizidi tatu. Mgongo ulikuwa umeinama, mabega yameshuka. Aliandika yote katika daftari na akanyamaza, kwani katika duka lile ilikuwepo sheria moja isiyovunjwa: watu wazima hawasomewi vipimo vyao. Tumbo likiongezeka, unaandika na kunyamaza. Bega likishuka, unaandika na kunyamaza. Mteja anataka nguo imkae vizuri, hataki habari mbaya.

"Vipi?" mzee aliuliza. "Nimepungua?"

"Hata kidogo," alijibu Fundi.

"Si nilikwambia!"

Dada mtu akamtazama mdogo wake, kisha akatazama dari.

Alhamisi mchana koti lilikuwa limeshapigwa pasi na kutundikwa, suruali kando yake. Mzee akaingia, lakini hakuketi, wala hakuliangalia koti.

"Usihangaike tena, mwanangu. Siendi."

"Huendi! Kuna nini?"

"Mkono umekufa." Siku tatu, alisema, amekuwa akijaribu nyuma ya nyumba. Kila akitupa, yoyo inajipiga chini na kufa papo hapo. Akavaa kitanzi cha uzi kidoleni, akatupa ili waone. Yoyo ikagonga sakafu kwa kishindo, ikaanguka ubavu, ikabiringika mpaka chini ya cherehani. Dada akainama kuiokota.

Mzee akagusa mfuko wa shati. "Nimemwandikia mwalimu mkuu barua. Ndiyo nampelekea sasa hivi. Bora watoto wasinione kuliko wanione hivi. Na sanduku nimeshalifunga. Halitafunguliwa tena."

Fundi hakuwa ameitazama yoyo. Alikuwa ameutazama mkono, maana mikono ndiyo kazi yake. Ule mkono haukutetemeka. Kiwiko kilipanda na kifundo kikajikunja vilevile kama siku ile juu ya meza. Kisha akautazama uzi: sehemu yake ilikuwa imejilaza sakafuni.

"Mzee, nyuzi zako huwa unazikatia wapi?"

"Kwenye msumari."

"Msumari gani?"

"Upo nyumbani, kwenye fremu ya mlango. Niliupigilia mwaka nilioanza kazi, sawasawa na kitovu changu. Toka sakafuni mpaka kwenye msumari, nakata. Miaka arobaini haujanidanganya hata mara moja."

Fundi alitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Mtu aliyepima vitovu vya watoto wa shule zisizo na idadi, chake mwenyewe alikipima mara moja tu, akiwa kijana, akamaliza! Na yeye Fundi alikuwa na jibu daftarini mwake tangu Jumanne, akalifunika kwa adabu za dukani. Aliona aibu kwelikweli.

"Msumari haukukudanganya, mzee," alisema. "Nimekudanganya mimi." Akafungua daftari, akalisoma kwa sauti, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja yeyote. "Mikono ya koti, nimepunguza inchi mbili. Suruali, tatu. Mkono wako mzima kabisa, mzee wangu. Ni wewe umefupika."

Mzee akalitazama daftari.

"Hata mimi nimefupika," dada alijaribu, "ila mimi nilichokosa juu nimekifidia pembeni."

Mzee hakucheka. Uso ulimbadilika, midomo ikakaza, akaugeukia mlango. Fundi aliona kabisa kwamba akivuka kizingiti na ile barua, basi tena. Hakungoja. Akachukua yoyo mkononi mwa dada yake, akapiga goti, akaiweka katikati ya viatu vya mzee, akauvuta uzi kwenda juu mpaka kitovuni. Uzi ulizidi vidole vinne vizima.

"Kila mtu na kitovu chake," alisema.

Mzee akateremsha macho, akamtazama. "Nani alikufundisha hayo?"

"Wewe." Akamweleza, akiwa bado amepiga goti, habari za meza ya mwalimu, zile pini, gauni kuporomoka, na uzi.

Mzee akauchunguza uso wake. "Sikukumbuki," alisema mwishoni, na ilionekana jinsi jambo hilo lilivyomuuma. "Mlikuwa wengi mno, mwanangu."

"Najua. Mimi nakukumbuka, inatosha. Nikate?"

"Kata."

Mkasi ukalia mara moja. Mzee akafunga kitanzi kipya, akakivaa, akasogea mbali na meza, akatupa. Yoyo ikashuka, ikasimama kiasi cha nusu kiganja juu ya sakafu, ikatulia tuli.

"Imelala," dada alinong'ona, kitambaa kikimteleza mapajani. Akaanza kuhesabu, Fundi akamfuata. Walipofika kumi na tisa mzee akatikisa kidole, yoyo ikapanda. Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaitoa barua mfukoni, akaichana vipande vinne, akatafuta pa kuvitupa.

"Haya, koti langu liko wapi?"

Ijumaa alikuwa uwanjani kabla ya kengele, vifungo vya shaba vinang'aa, koti limemkaa kama amezaliwa nalo. Alipomwona Fundi anaingia na mkasi wake wa kuwakatia watoto nyuzi, kama alivyomwomba, akamvuta pembeni na kumwonyesha kidole gumba. Kilikuwa kimevimba, kucha nyeusi.

"Pole! Umefanyaje?"

"Nilikuwa nashusha msumari. Vidole vinne. Nyundo ikanipitia."

"Si ungeung'oa tu ukaachana nao?"

"Niung'oe?" Mzee alimshangaa. "Mwakani nitakatia wapi? Mwalimu mkuu ameshaniambia nirudi." Akainama kidogo, akashusha sauti ili watoto wa mstari wa mbele wasisikie. "Mwakani utanipima tena. Na safari hiyo, mwanangu, unisomee."

"Nitakusomea," alisema Fundi.

Mzee akarekebisha kola, akaenda kusimama mbele ya watoto.