Kabla Hajageuza Shingo

...na sasa ananishukuru tena, hii ni mara ya tatu tangu tukae kwenye benchi hili, "Mungu akubariki mwanangu, wenzako wote wamepiga simu tu, wewe umekuja mwenyewe," na mimi naitikia amina, amina mama, macho yangu yako kwenye ule mlango wa daktari, mlango mweupe uliochubuka rangi pale watu wanaposukuma kwa goti, na nyuma yake binti yake anafunguliwa bandeji ili wajue kama jicho la kushoto linaona au halioni, wametuambia tusubiri hapa nje, si muda mrefu, na huyu mama ameukumbatia mkoba wa binti yake kama mtu aliyeambiwa kuna wezi, viatu vimechomoza kwa juu, vile vyepesi vya ngozi laini, ndivyo alivyokuja navyo siku ya kwanza kwenye ukumbi wetu wa mazoezi nikamtazama miguu nikajisemea, huyu kaja kucheza dansi... na kweli alikuwa mcheza dansi, hakuwa amewahi kumpiga mtu hata kofi, na ndiye waliyempa kuwa steringi, mhusika mkuu wa sinema nzima ya mapigano, mpangaji wetu wa mapigano alipomwona akiruka akamwita Unyoya, jina likamganda siku hiyohiyo, na mimi nikacheka pamoja na wengine, nikacheka kwa meno tu, maana mimi nina mkanda mweusi, nimeuhangaikia miaka kumi na mmoja, umeniachia vidole viwili visivyokunjika na ubavu unaonikumbusha kila kukiwa na baridi, na kwenye sinema nina miaka kumi na tisa ya kupigwa, ndiyo, kupigwa, hiyo ndiyo kazi yangu, natupwa juu ya meza, naporomoka ngazi, nakufa mara tatu kwenye sinema moja kwa kubadilishwa wigi tu, mpaka binti yangu alipokuwa darasa la pili mwalimu wake akaniita shuleni, akafunga mlango taratibu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna usalama, kwa sababu mtoto ameandika kwenye insha, mama yangu anapigwa kila siku na akirudi anacheka... tulicheka sana, mume wangu alilazimika kushika ukuta, lakini nilipojilaza nikaacha kucheka, nikawaza, miaka yote hii mtaani wananijua kama yule anayepigwa, hata jina hawana haja nalo.

"Hivi," anasema mama, ananigeukia, macho mekundu, siku mbili hizi amekesha kwenye kiti kando ya kitanda cha mwanawe, "hebu nieleweshe, mimi hizi sinema zenu sizijui, mtu mzuri wa hizi ngumi anakuwaje? Maana huyu wangu ukimwambia chinja kuku anakwambia tule mboga," na anacheka kidogo peke yake, anajifuta pua, na mimi namjibu kama ninavyowajibu wote, wepesi mama, nguvu, na mazoezi sana, na yeye anatikisa kichwa, eheee, mazoezi, kweli, alikuwa anafanya mazoezi mpaka jikoni, sufuria zangu zote zimebonyea... na nimemdanganya, hata hilo dogo nimemdanganya, kwa sababu wepesi na nguvu wanavyo hata wabeba magunia sokoni, ngumi ya sinema haimgusi mtu, inapita mbele ya shavu, nafasi ya kiganja kimoja kati yake na ngozi, kamera iko nyuma ya bega haioni ule upenyo, na anayeifanya iume si mimi ninayerusha, ni yule anayegeuza shingo kwa wakati wake, nywele zikaruka, mate yakatoka, ndiye anayepiga ile ngumi, na mimi kazi yangu ni moja tu, kuizuia mahali pale pale mara ishirini, mara thelathini, nikiwa nimechoka, nikiwa na njaa, nikiwa nimeudhika, hasa nikiwa nimeudhika, kwa sababu mwenzangu amenipa uso wake... hilo najua kuliko mtu yeyote, nimeliishi miaka kumi na tisa, nimepigwa na masteringi wasiojua kuzuia, nimerudi nyumbani na mdomo umevimba nikisema si kitu, na Unyoya alizuia tangu siku ya kwanza, mkono wake ulisimama hewani mbele ya pua yangu kama umefungwa kamba, akihesabu kwa midomo, moja, mbili, tatu, nne, kama anacheza muziki, sikuwahi kuhisi hata upepo wake ukinigusa.

Na uso wake... uso ndio ulionimaliza, kabla hajarusha teke ulikuwa unamwona anaogopa, halafu unamwona anaamua, na unajikuta na wewe umeshika pumzi, mimi sijawahi kuwa na uso huo, mimi nikipiga nina uso wa mtu anayepiga pasi, aliniuliza siku moja tunakunywa maji, "Dada, unawaza nini kabla hujarusha?" nikamjibu kwa majivuno, "Siwazi kitu, mwili unajua wenyewe," akafikiri, akasema, "Mimi naogopa nisipowaza, najiuliza huyu mtu kanifanya nini," na akacheka kwa aibu, akadhani kasema la kijinga mbele ya mtaalamu... "anakuita mwalimu," mama anasema, ni kama amenisikia, lakini hajanisikia, anaendelea tu na yake, "nyumbani mpaka tumechoka, mwalimu kasema hivi, mwalimu kasema nilale mapema, mwalimu kanionyesha kuanguka," na kweli nilimwonyesha kuanguka, mchana mmoja tu, nyonga kwanza, kisha mkono unapiga sakafu, kidevu kifuani, akaanguka mara arobaini akicheka, mchana mmoja tu, mama, na kwa huo mchana mmoja akanipa cheo chote hicho, na mimi nyumbani kwangu sijawahi kumtaja kwa wema, nilimwambia mume wangu wameleta mdoli.

Sakafu ilikuwa na utelezi, hilo ni kweli, hadithi ilitaka mvua wakamwaga maji, na taa zilikuwa zinanimulika machoni, hilo nalo ni kweli, nimeyasema yote mawili kwa mpangaji, kwa mwongozaji, kwa mume wangu, wote wamesema pole, ni ajali, kazi yetu ndivyo ilivyo, na hakuna aliyeniuliza kuhusu yale ya kabla, kwa sababu kwao hayakuwa kitu, mwongozaji alisimamisha kamera, akanishika bega mbele ya watu wote, mbele ya yule mama wa chai na sinia lake, akasema, "Hebu mwangalie mwenzako. Wewe unapiga vizuri sana, lakini nikikutazama sikuogopi wala sikuonei huruma. Huyu akiinua mkono tu nataka kujua kitakachofuata," na akatabasamu kama mtu aliyekupa zawadi, mtu wa taa akakohoa, na Unyoya, huyo huyo Unyoya, akasema haraka, "Jamani, mimi najifunza kwake," akanitetea, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, kutetewa na mtoto wa juzi... turudie, akasema mwongozaji, haya, sehemu ile steringi anapozidiwa, anayepigwa safari hii ni yeye, anayepiga ni mimi, mara yangu ya kwanza katika miaka kumi na tisa kumwangusha steringi, moja nikasogea, mbili nikainama, tatu nikarudisha bega, na mguu wake ukateleza, kidogo tu, kisigino, shingo ikachelewa, uso ukabaki pale pale wazi kabisa ukinitazama... na niliona.

Niliona, sasa nalisema hapa ndani ambapo hakuna mtu, niliona kisigino, niliona shingo haijageuka, na nafasi ya kuzuia ilikuwepo, mtu wa kawaida angesema hakukuwa na nafasi, kupepesa jicho tu, lakini kwa mtu wa kazi yangu huo ni muda, ningeweza kukunja kiwiko, ningeweza kufungua ngumi, nimewahi kufanya hivyo mara mia kwa watu nisiowapenda, na siku hiyo na mimi kwa mara ya kwanza niliwaza kabla ya kurusha, huyu mtu kanifanya nini, na mkono ukaenda, sikuusukuma, hapana, niliuacha, niliuacha tu uende, na ukasikika mlio mdogo kama kijiti, akakaa chini kwenye maji akiwa ameshika jicho, damu inapita kati ya vidole, na neno lake la kwanza halikuwa mama wala uwii, alisema, "Nimechelewa mimi, jamani, msimlaumu dada, nimechelewa mimi," na mimi nimesimama juu yake na ngumi bado imefungwa, nikasema pole... pole, kama mtu aliyekukanyaga kwenye foleni.

Na asubuhi ya leo, hapo getini kabla sijaingia, simu ya mwongozaji, "Tumeongea ofisini, huyu hata akipona atakuwa anaogopa, atatuchelewesha, na kosa lilikuwa lake, mnalingana mwili, chukua nafasi yake, tutaandika upya kidogo," gari la wagonjwa lilikuwa linapita, nikaziba sikio moja ili nisikie vizuri, na nikajibu, ni hilo linalonitia haya kuliko ngumi yenyewe, sikusema nifikirie, sikusema tusubiri daktari, nilisema asante, nikasema asante sana, nikakata simu, nikakuta natabasamu, nikaufuta ule uso, nikavaa mwingine, nikaingia kumwamkia huyu mama, shikamoo mama, na akanikumbatia.

"Mwanangu, yeye anasema alichelewa," mama anasema, sauti imeanza kuwa nzito, "tangu juzi ndilo analolisema, anajilaumu, nimemwambia nyamaza lakini usiku analirudia, nimechelewa, nimechelewa... wewe utamwambia, wewe anakusikia," na kichwa chake kinainama, kinarudi, kinainama tena, kisha kinatua begani kwangu, kizito, kitambaa chake kinanikuna shingo, na mimi nimekaa kama jiwe, mtu anatoka chumba kingine na miwani mipya anacheka na mwenzake, ule mlango wetu bado umefungwa, na nasikia mdomo wangu unasema, si kwa sauti kubwa, lakini kwa sauti, "Mama, niliona. Kuchelewa kwake si kosa lake. Niliona na ningeweza kuzuia, sikuzuia," na nangoja anyanyue kichwa anitemee mate, apige kelele korido nzima igeuke... na nasikia pumzi, ndefu, yenye kamluzi puani, amelala, amelala fofofo, hakusikia hata neno, na ninashusha pumzi, Mungu wangu, naisikia ninavyoishusha, raha inanipita kuanzia kifuani mpaka tumboni, nimesema na hakuna aliyesikia, nimemaliza, nimelisema, nani atanidai zaidi, namwacha alale begani mpaka daktari atoke, naenda zangu, kesho navaa nguo zake na viatu vyangu... na hiyo raha, naitazama ilivyo, ni ileile ya getini, ni ileile ya mkono ulipokuwa unaenda, tamu ileile, na huko ndani kuna mtu, labda mwenye jicho moja sasa, anajiambia amechelewa, atajiambia hivyo akiwa na miaka thelathini, akiwa na hamsini, akicheza au akiacha kucheza, na huyu hapa atakuwa anamwambia nyamaza bila kujua amnyamazishe kwa neno gani, mlango bado umefungwa, nainua mkono, mkono huuhuu, naugusa ule mkoba kwanza, kisha bega lake, jepesi kuliko nilivyodhani, nalitikisa, anaguna, nalitikisa tena.

"Mama. Mama, samahani, amka kidogo."