Kuku Waliolalia Vitambaa

Mimi nina mdomo, sikatai. Mume wangu alishasema, dada zangu walishasema, hata wateja wanaoniletea vitambaa dakika ya mwisho wanajua. Lakini sijawahi kuujutia kama nilivyoujutia mwezi ule kuku wa mama mkwe walipoanza kufa.

Alihamia kwetu baada ya baba mkwe kufariki, na begi moja na kuku saba ndani ya tenga. Tukawajengea banda nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba ninachoshonea. Kwa kuwa mimi nakalia cherehani tangu asubuhi, jiko likawa lake. Binti yangu wa miaka sita, aliyekuwa akinisumbua kula, kwa bibi yake alikomba sahani hadi ikang'aa.

Shule zilipokaribia kufunguliwa nilipata oda ya sketi sitini, zote rangi ya damu ya mzee. Mabaki yakajaa sakafuni. Nikajiona mjanja kweli! Badala ya kutupa, kila jioni nilizoa vipande na nyuzi zote nikaenda kuvitandika kwenye viota vya kuku. Mama mkwe alifurahi kupita kiasi. "Kuku wangu sasa wanalala pazuri kuliko mimi," alisema, akamwita jirani aje aone.

Wiki mbili baadaye kuku mmoja akaacha kula. Alisimama pembeni, manyoya yamemtimka, na kile kifuko cha shingoni, pale chakula kinapokaa kabla ya kushuka tumboni, kimevimba kama ngumi. Ukimwinamisha anatoa maji yenye harufu ya uchachu. Siku ya tatu akafa. Akafuata wa pili.

Mimi sina subira. Niliingia jikoni moja kwa moja, nikalikuta bakuli analolowekea mikate iliyolala kwa ajili ya kuku. Kipande kimoja kilikuwa na ukungu wa kijani.

"Mama, hiki nini?"

"Mkate, mwanangu."

"Una ukungu! Huoni?"

Alikishika, akakisogeza karibu kabisa na macho. "Mh. Sikuuona."

Nikamwambia, na mtoto kasimama mlangoni anasikiliza: "Basi umewaua mwenyewe. Siku moja utatulisha sumu na sisi."

Alimwaga ule mkate, akaosha bakuli, akaliosha tena.

Usiku huo alipompakulia mjukuu wake, mtoto aliinama akanusa sahani kwanza. Akanusa tena, kisha akanitazama mimi. Mama mkwe aliona. Kesho yake alisema magoti yanamuuma, hawezi kusimama jikoni. Wiki haijaisha akamwambia mume wangu kwamba Jumapili anakwenda kwa wifi yangu "kupumzika kidogo". Akaliweka begi lake mlangoni. Moyoni kuna kitu kilinikwaruza, lakini nilijiambia kwamba nilisema kweli, basi.

Jumamosi asubuhi akaugua Shangazi. Huyo ni kuku. Binti yangu alimpa jina hilo kwa sababu anatembea kifua mbele akikagua nyumba za watu. Nilimnywesha mafuta kijiko kimoja, nikamkanda shingo, wapi! Mama mkwe hakutaka hata kumgusa. "Mikono yangu ina mkosi," alisema, akajifungia chumbani. Nikampigia simu daktari wa mifugo.

Alikuja dada mmoja mpole mwenye buti za mpira. Tukamlaza Shangazi kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa. Daktari alipapasa kile kifuko, akakunja uso.

"Hiki si chakula, mama. Kuna kitu kimefunga njia."

Akampiga sindano ya ganzi, akang'oa manyoya kidogo, akachana mahali padogo. Mimi nilishika mabawa. Akaingiza koleo, akavuta, ukatoka uzi. Akavuta tena, ukazidi kuja, na mwishowe likatoka donge zima, kubwa kama limau.

Kabla hajalisuuza nilishajua. Uzi wangu naujua. Ilikuwa damu ya mzee.

Daktari aliangalia cherehani, akaangalia sketi zilizotundikwa ukutani, akaniangalia mimi. Alianza kushona pale alipochana. "Usinicheke mishono, fundi," alisema taratibu. Siku nyingine ningemtania. Siku hiyo nilishika tu mabawa.

Sauti ikatoka chumbani: "Daktari! Ni ule mkate wangu, sivyo?"

Daktari aliendelea kushona. Jibu aliniachia mimi. Na sitadanganya, lilinijia wazo baya: kesho anaondoka, donge litaingia kwenye taka, na daktari si mtu wa kusema. Niliwaza hivyo mimi, mtu mzima, mkono wangu ukiwa juu ya kuku wake! Nilijichukia.

Nikaenda chumbani na lile donge kiganjani, bado limelowa. Alikuwa amekaa kitandani, mtandio wa safari magotini, anaukunja. Nikapiga magoti.

"Mama, si mkate. Ni nyuzi zangu, zile nilizowatandikia, walikuwa wanazimeza. Mimi ndiye niliyewaua. Nisamehe, Mama."

Alilichukua donge, akalisogeza karibu na macho, akavuta ncha moja.

"Uzi wa zile sketi."

"Ndiyo, Mama."

"Na mkate?"

"Mkate haumo."

Nilingoja anitukane, angenitukana ningeshukuru. Lakini alinirudishia donge mkononi.

"Mimi umeshaniambia," alisema. "Sasa mwambie mtoto."

Nikamwita binti yangu. Nikamweleza yote mbele ya bibi yake: vitambaa, viota, na yale maneno niliyosema jikoni. Alisikiliza huku macho yake yako kwenye donge.

"Kwa hiyo chakula cha bibi hakina sumu?"

"Hakina, mwanangu. Hakijawahi kuwa nayo."

Akafikiri. Kisha akamgeukia bibi yake. "Bibi, nina njaa."

Mama mkwe aliweka mtandio kando, akainuka kwa magoti yale yale aliyosema yanamuuma, akamshika mkono mjukuu wake, wakaenda jikoni. Nilisikia sufuria zikigongana. Begi lake lilibaki mlangoni, na mimi sikuthubutu kuligusa.