Zima Uwashe

Kwa miaka miwili nilijigamba ofisini Kitale kwamba kompyuta yenye mfumo wa Linux haizimwi ovyo. Windows ndiyo ya kuzimwa na kuwashwa kama redio yenye betri mbovu; Linux inataka mtu anayejua anachofanya. Mtu huyo nilikuwa mimi, Nafisa, fundi pekee wa kompyuta katika chama cha wakulima wa mbegu.

Rejista ya wanachama wote ilikuwa kwenye hifadhidata ya tawi letu la Bungoma. Mkulima akitoka eneo la Kwanza kuja kuchukua mbegu, Kui, karani wetu, alilazimika kupiga simu Bungoma kuulizia namba yake. Ili tujisomee wenyewe, mashine yetu ilihitaji laibrari, yaani kipande cha programu kinachoongea na hifadhidata. Intaneti yetu ilikuwa mwendo wa kobe, basi Hamid, fundi wa Bungoma, akaniwekea laibrari kwenye CD na kuituma.

Alhamisi asubuhi nikaisakinisha. Ikakubali bila kulalamika. Nikafungua programu ya rejista, ikasema haioni laibrari. Nikasakinisha tena, na tena. Jibu lilelile. Hasira zikanipanda, nikampigia Hamid.

"Umenitumia CD gani hii?"

"Nafisa, wallahi nilitest hapa mara mbili."

"Ulitest na macho ama na mashini?"

Nikamkatia simu. Kisha nikafanya jambo linalonitia aibu mpaka leo: niliingia kwa meneja wetu sote wawili, Bwana Ndung'u, nikamwambia Hamid ametuma kazi mbovu. Hamid alishapewa barua mbili za onyo kwa kuchelewa kazini. Ya tatu ni ya kwenda nyumbani. Ndung'u akaanza kuichapa nikiwa bado nimesimama pale.

Niliporudi mezani, Kui akaniambia, "Si uzime uwashe tu?"

"Kui bana, hii si Windows."

Saa nne na nusu stima ikapotea Kitale nzima. Iliporudi, mashine ikawaka, na Kui akajaribu bahati yake kwenye programu ya rejista.

"Nafisa! Si majina ndiyo haya!"

Papo hapo nikaelewa kosa langu. Ukishasakinisha laibrari, kuna amri moja ya kuuambia mfumo uiingize kwenye orodha yake. Bila amri hiyo ni kama mwanachama aliyelipa kiingilio lakini hajaandikwa rejistani: yupo, ila hatambuliki. Mashine yetu huiandika upya orodha hiyo kila inapowaka. Mimi niliisahau amri, na kuzima nikakataa. CD haikuwa na kasoro yoyote.

Ndung'u akachungulia mlangoni, amenuna. Stima ilikuwa imemmezea barua kabla hajaihifadhi.

"Naanza kuchapa upya. Na hiyo kitu imeshika? Umerekebisha aje?"

Kui alinitazama. Ningesema nimeipiga CD msasa mpaka ikakubali, nani angebisha? Nilitamani sana kusema hivyo.

"CD ilikuwa sawa, mzee. Kosa ni langu. Hamid hana makosa."

"Ati nini? Na vile umenifanya niandike barua?"

"Najua. Pole."

Akajikuna kidevu.

"Barua nitaandika tu," akasema. "Hebu nipatie majina yako yote, vile yako kwa kitambulisho."

Nikachukua karatasi, nikamwandikia kwa herufi kubwa: langu, la baba na la babu.